Je, wajua kwa nini video ya mawimbi ya Bagamoyo hupasuka vimiraba?

Kusi ikivuma, nenda ufukweni Bagamoyo karibu na soko la samaki, urekodi dakika moja ya mawimbi yakipiga mashua. Kisha mrekodi mchuuzi aliyesimama mbele ya ukuta akikutajia bei ya changu, dakika moja vilevile. Zitume zote mbili kwa WhatsApp. Ya mchuuzi itafika safi, hata nyusi zake utaziona. Ya bahari itafika imepasuka vimiraba, maji hayana povu wala mikunjo. Simu ni ileile, bando ni lilelile, jua ni lilelile. Tofauti ni kwamba ukuta unabashirika, bahari haibashiriki.

Tuanze na uzito wenyewe. Picha moja ya video ya kiwango cha 1080 ina pikseli, yaani nukta ndogo za picha, 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo; jumla zaidi ya milioni 2. Kila pikseli ikiandikwa kwa baiti 3, na picha zikiwa 30 kwa sekunde, dakika moja tu inafika gigabaiti 11. Hakuna bando la mwananchi linalobeba hilo. Simu nyingi huihifadhi dakika hiyohiyo kwa megabaiti 60 hadi 130 hivi, kutegemea kodeki iliyotumika, yaani mbinu ya kubana video na kuifungua. Data nyingine zote zimekwenda wapi?

Baadhi zimeondoka kwa sababu jicho la binadamu hutambua tofauti za mwanga vizuri kuliko tofauti za rangi. Kwa hiyo mwanga huandikwa kwa kila pikseli, lakini rangi huandikwa mara moja kwa kila kundi la pikseli 4. Hapo tu nusu ya mzigo imeshuka, na mtazamaji hajahisi lolote.

Kazi kubwa inafuata. Mtangazaji wa mpira redioni hakwambii kila sekunde kwamba magoli yapo na nyasi ni kijani. Anakwambia mpira umetoka kwa nani umekwenda kwa nani. Kodeki nayo hutuma picha moja nzima, halafu kwa zile zinazofuata hutuma mabadiliko tu. Huikata picha katika vipande, na kwa kila kipande huuliza: hiki nilikiona wapi kwenye picha iliyopita? Ikikipata, haikichori upya. Huandika tu kwamba kimesogea pikseli kadhaa kulia au juu, pamoja na masalio madogo ya kurekebisha. Ukuta nyuma ya mchuuzi haukusogea, kwa hiyo karibu haugharimu kitu. Mdomo wake umesogea kidogo, nao hugharimu kidogo.

Wimbi halisogei hivyo. Linavunjika, povu linazaliwa na kufa, na jua linametameta mahali pengine kila mara. Kodeki hutafuta kipande kinachofanana na isikipate, na masalio yanakuwa makubwa karibu sawa na picha yenyewe. Wakati huo imepewa kiasi maalumu cha data kwa sekunde. Lazima itupe kitu.

Kinachoamua kitupwe nini ni hesabu ambayo mhandisi Nasir Ahmed, mzaliwa wa Bangalore, India, aliipendekeza mwaka 1972. Aliomba fedha kwa Wakfu wa Taifa wa Sayansi wa Marekani, ombi likakataliwa. Hakuiacha. Mwaka 1974 aliichapisha pamoja na T. Natarajan na K. R. Rao, na leo hesabu hiyo, au ndugu zake wa karibu, imo ndani ya takriban kila video tunayotazama. Naona jina lake lilistahili kujulikana shuleni kwetu. Hesabu hiyo hukigeuza kipande cha picha kuwa orodha ya viwango: mabadiliko ya polepole upande mmoja, mikunjo midogo na ncha kali upande wa pili. Data ikipungua, mikunjo midogo ndiyo hutupwa kwanza. Kwa kuwa kila kipande kinakatiwa hesabu yake peke yake, mipaka ya jirani hailingani tena. Hivyo ndivyo vimiraba unavyoviona. Kodeki ya H.264, ya mwaka 2003, ina kichujio cha kulainisha mipaka hiyo, ndiyo maana mara nyingi tunapata ukungu badala ya miraba mikali.

Kodeki zilizofuata ziliboresha ubashiri. H.264 hutumia vipande visivyozidi pikseli 16 kwa 16. HEVC ya 2013 iliruhusu 64 kwa 64, na VVC ya 2020 ikafika 128 kwa 128, ili anga tupu juu ya bahari iandikwe kwa mkupuo mmoja. Kila kizazi kililenga ubora uleule kwa takriban nusu ya data.

AV1, kodeki nyingine iliyotoka 2018, ina mbinu ninayoipenda kuliko zote, na inawahusu hasa wanaorekodi ngoma za usiku pale TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo. Gizani kamera hujaza picha chenga ndogo zisizo na mpangilio, na kodeki hula data nyingi kuzifuatilia. AV1 inaweza kuziondoa kabla ya kubana, ikatuma maelezo mafupi ya sura yake, na simu ya mtazamaji ikatengeneza chenga zinazofanana nazo. Lakini mwanga wa kutosha jukwaani bado ni bora, pamoja na simu iliyotulia kwenye stendi, maana mkono ukitikisika hata ukuta unaanza kusogea.

Gharama ya ubora huu iko kwenye kubana: anayebana hujaribu njia nyingi kwa kila kipande, anayefungua hufuata maelekezo tu. Kwa YouTube inalipa, kwani video hubanwa mara chache ikatazamwa mara milioni. Hata hivyo, simu isiyo na sehemu maalumu ya kufungulia AV1 ndani ya chipu yake hulazimisha prosesa kuu ifanye kazi hiyo, na chaji hushuka haraka.

WhatsApp kwa kawaida huibana upya video ambayo simu ilishaibana, na mikunjo iliyotupwa hairudi. Ukitaka mawimbi yako yafike kama yalivyorekodiwa, yatume kama hati badala ya video. Faili litakwenda lilivyo, na bando litalika kulingana na uzito wake wote.