Mbwa anajikuna, pua inapauka: sio kila kitu ni ukurutu

Swali: Dokta shikamoo. Nipo Kimara, mbwa wangu ana miaka 10, anajikuna hatari, akiamka pale alipolala pamejaa magamba meupe kama unga, alafu pua ilikuwa nyeusi tii saa hizi ina mabaka ya pinki. Nishamchomesha sindano za ukurutu mara 3. Shida nini?

Jibu: Marahaba. Kwa Dar hii na joto lake mbwa akijikuna wa kwanza kushukiwa ni viroboto, kupe, ukurutu na fangasi, kwahiyo hukukosea kuanzia hapo. Ila mbwa mzee, sindano 3 hamna nafuu, alafu anapauka puani, au hata mdomoni na pembeni ya macho, hapo mi nashtuka. Kuna saratani adimu inaitwa limfoma ya ngozi, chembe nyeupe za damu za aina ya T zinageuka saratani zinavamia ngozi ya juu kabisa, ndo maana rangi inapotea. Limfoma ambayo wengi wameiona ni ile ya mitoki, tezi za chini ya taya zinavimba kama ndimu, lakini hii inaweza ikaanza bila mtoki hata mmoja na ndo inavyotuchenga.

Swali: Sasa mnahakikishaje?

Jibu: Kukata kinyama, basi. Kwa macho tu hakuna daktari atakayekuhakikishia. Kwanza akwanguliwe ngozi kutafuta wadudu wa ukurutu, ni kipimo cha haraka. Wasipoonekana anapigwa ganzi (kama ni pua analazwa usingizi kabisa), tunachukua vipande vitatu vinne sehemu tofauti kwa kifaa cha duara cha milimita 6 au 8, vinawekwa kwenye formalini (dawa ya kuhifadhi nyama isioze) vinaenda maabara. Na tafadhali usimsugue na sabuni kabla, yale magamba tunayataka! Predinisoloni (dawa ya kutuliza muwasho na uvimbe) nayo inaficha majibu, kama ameshaanza kuitumia sema mapema ila usiikatishe ghafla mwenyewe. Daktari wako akikosa pa kupeleka hapa mjini aulizie SUA (Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine) Morogoro, wanakofundisha tiba ya wanyama.

Swali: Anapona?

Jibu: Sikufichi, kupona kabisa ni nadra, wengi wanaishi miezi, mara nyingi mwaka haufiki. Kikiwa kivimbe kimoja tu kikakatwa vizuri matumaini yanaongezeka. Dawa inayotumika sana ni lomustini, ya binadamu hiyo, kidonge kila baada ya wiki 3 au 4 pamoja na predinisoloni. Inashusha chembe nyeupe na inaumiza ini, kwahiyo kila dozi na kipimo cha damu, ukiona daktari anakulazimishia dozi bila kupima hama. Kidonge usikifungue, na kinyesi na mkojo wake shika kwa glavu.

Swali: Watoto je, hawataambukizwa?

Jibu: Saratani hii haiambukizi. Ukurutu na fangasi ndo vinaambukiza, kwahiyo mpaka majibu yatoke wasilale nae.