Pai ya Khufu imetoka kwenye viganja saba

Juzi, tukinywa kahawa barazani, jamaa mmoja mpenzi wa historia alinisukumia simu yake. "Mwalimu, piga mwenyewe." Nikapiga. Piramidi ya Farao Khufu pale Giza, Misri, ina dhiraa 440 kila upande wa kitako, basi mzingo wake ni 1760. Kimo ni dhiraa 280. Gawa mzingo kwa kimo, kisha gawa kwa mbili: 3.142857, yaani 22/7. Akaegemea ukuta kama mtu aliyekula kete ya mwisho kwenye bao. "Haya, niambie Wamisri wa kale hawakuijua pai, ile namba ya duara."

Hesabu yake haina kasoro. Wala hoja yenyewe si ngeni: John Taylor aliitoa Uingereza mwaka 1859, akafuatwa na mwanaastronomia Charles Piazzi Smyth. Flinders Petrie alikwenda Giza mwaka 1880 akiwa kijana aliyelelewa na mawazo ya Smyth, akapima kwa miaka miwili, na vipimo vyake ndivyo vilivyoiangusha "inchi ya piramidi", kipimo ambacho watangulizi wake walidai wajenzi walikitumia.

Ninachobishia mimi ni mahali ambapo ile 22/7 imetoka. Fundi wa Misri hakupima mwinamo kwa nyuzi (digrii). Aliusema kwa seked: ukipanda dhiraa moja, ukuta unaingia ndani viganja vingapi? Na dhiraa ya kifalme, yenye sentimita 52 na ushei, iligawika viganja 7, kila kiganja vidole 4 (bibi zetu wangesema nyanda nne). Sasa chukua nusu ya kitako cha Khufu, 220, zidisha kwa 7, gawa kwa 280. Unapata viganja 5½. Namba nyepesi, fundi anaikumbuka bila kuandika.

Mzingo ni nusu-kitako mara nane. Kwa hiyo mzingo ukigawanywa kwa kimo ni 8 × 5½ ÷ 7, yaani 44/7, na nusu yake ni 22/7. Saba ile ni viganja vya dhiraa, ishirini na mbili ni 5½ mara nne. Yeyote atakayechagua seked ya 5½ ataibuka na 22/7 hata kama hajawahi kuona gurudumu.

"Haya twende kwa jirani," nikamwambia. Piramidi ya Khafre, mwanawe Khufu, ina seked ya 5¼. Mara nne ni 21, gawa kwa 7: tatu kamili. Je, mtoto aliipoteza pai ya baba yake?

"Labda waliificha," akasema jamaa. Jibu hilo halina dawa, lakini 5¼ haikufichwa hata kidogo. Imo kwenye mafunjo ya karani Ahmose, aliyenakili yapata 1550 K.K. maandishi ya zamani za Farao Amenemhat III, na ambayo Mskoti Alexander Henry Rhind aliyanunua Luxor mwaka 1858. Swali la 57: piramidi yenye kitako cha 140 na seked ya viganja 5 na kidole 1, kimo chake ni kipi? Jibu: 93⅓. Ni mwinamo uleule wa Khafre, umewekwa kama zoezi la darasani.

Na duara je? Swali la 50 lina shamba la mviringo lenye kipenyo cha 9. Ahmose anaondoa sehemu moja ya tisa, inabaki 8, anazidisha 8 kwa 8: 64. Sisi kwa pai yetu tungepata 63.6. Anazidisha kiasi kidogo mno kwa mtu anayetaka kujua shamba litatoa nafaka kiasi gani, na hana haja ya namba yoyote ya ajabu. Ukilazimisha pai humo, inatoka 256/81, karibu 3.16. Haifanani na 22/7, ilhali Ahmose ameishi miaka elfu moja baada ya Khufu.

Kinachoniudhi zaidi ni kambi ya pili, ile inayosema Wamisri walijua kuhesabu mikate tu. Hao nawapeleka kwenye mafunjo mengine ya Kimisri, yale yaliyohifadhiwa Moscow, swali la 14: piramidi iliyokatwa kichwa. Chini 4, juu 2, kimo 6. Nilimwandikia jamaa nyuma ya risiti: 4 kwa 4 ni 16, 4 kwa 2 ni 8, 2 kwa 2 ni 4, jumla 28. Theluthi ya 6 ni 2. 28 mara 2 ni 56. Ndiyo kanuni ya ujazo tunayofundisha sekondari, hatua kwa hatua, na karani anamalizia kwa kumwambia mwanafunzi kwamba ataona amepata sawa.

Jamaa akapiga kwenye simu, ikatoka 56. Akaiangalia risiti kwa muda. "Hiyo theluthi wameitoa wapi?" Karani hasemi, ameandika hatua, sababu hakuitaja. Tuliigeuza risiti tukaanza kuchora.