Mhandisi wa programu hapimwi kwa wingi wa mistari

Kuna ujumbe uliozungushwa kwa miaka mingi katika makundi ya mazungumzo, unaodai kwamba mhandisi wa programu hukaa peke yake mbele ya kompyuta akiandika msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, kutwa nzima, na kwamba anayeandika mistari mingi zaidi ndiye hodari. Dai hilo si sahihi.

Kuandika msimbo ni sehemu moja tu ya kazi hii. Mhandisi husikiliza mahitaji ya watumiaji, husoma msimbo wa wengine, hutafuta chanzo cha hitilafu, huandika maelezo, na hupeleka kazi yake ikaguliwe na wenzake kabla haijapokewa; na mara nyingi kazi bora, kwa maoni yangu, ni ile inayopunguza mistari, kwa kuwa kila mstari unaobaki utahitaji kutunzwa.

Yeyote anaweza kuhakiki. Kiini cha mfumo endeshi wa kompyuta uitwao Linux, kilichoanza mwaka 1991, kiko wazi kwa umma, na tangu 2005 historia yake huhifadhiwa kwa Git, programu ya kutunza kumbukumbu za mabadiliko ya msimbo: fungua badiliko lolote, nawe utaona mistari iliyoongezwa na iliyofutwa, sababu zake, na mara nyingi majina ya waliolikagua. Si ajabu kukuta maelezo marefu kuliko badiliko lenyewe.

Mkanganyiko huu unaeleweka, kwa sababu kuchapa ndiko kunakoonekana, ilhali kufikiri na kushauriana hakuonekani. Hata hivyo, ujumbe huo huwakatisha tamaa vijana wanaopenda kushirikiana na watu, wakadhani kazi hii haiwafai. Ukiupokea, tafadhali usiusambaze. Mwombe kwa upole aliyekutumia afungue historia hiyo ajionee mwenyewe.