Shilingi 1,000 ya mtoto hutoka mwezi gani?

Kila ninapoeleza kwamba halmashauri zetu zimeagizwa kutenga shilingi 1,000 za lishe kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kila mwaka, naulizwa: elfu moja itamlisha nini mtoto? Haimlishi. Igawe kwa miezi 12 upate shilingi 83, pesa ambayo hapa Mwanza hainunui hata yai. Lakini si pesa ya kulisha. Ni pesa ya kumfikia mtoto kabla hajafika wodini.

Tuseme halmashauri ina watoto 60,000. Hiyo ni milioni 60. Inalipa mafuta ya pikipiki na ya boti, posho za wahudumu wa afya ngazi ya jamii, Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji kila robo ya mwaka, na tepi za kupima mkono, zile ambazo chini ya sentimita 11.5 zinasoma nyekundu, yaani utapiamlo mkali. Ukerewe, mafuta ya boti pekee yanakula sehemu kubwa. Kwenda kisiwa cha Ukara hakuna barabara.

Kwa hiyo mimi sigombani na kiasi. Nagombana na kalenda.

Fedha hizi hutoka mapato ya ndani, yaani ushuru na tozo, na mapato hayo yanapanda na kushuka pamoja na mifuko ya wananchi. Kwimba na Magu, msimu wa pamba hufunguliwa Mei, na ushuru wa mazao wa asilimia 3 huingia wakati huo. Mialoni, yaani kwenye fukwe za kushushia samaki, dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza; mbalamwezi ikitoka mitumbwi inalala, na ushuru unalala nayo. Ukifika Novemba hadi Februari, pamba imeshauzwa na pesa yake imeisha, ghala la mahindi linaelekea sakafuni, mvua zimeleta malaria na kuhara. Ndiyo miezi ambayo tepi nyekundu zinaongezeka. Na ndiyo miezi ambayo dokezo langu la kuomba fedha linajibiwa, “Mtu wa lishe, vuta subira, makusanyo hayajakaa vizuri.”

Pamba ikianguka bei, basi, mama anakosa pesa ya mboga na halmashauri inakosa pesa ya kumfuata mama huyo, kwa sababu moja ileile.

Fedha hutoka Mei na Juni, mwaka wa fedha unapokaribia kufungwa. Wiki chache zimebaki. Kitu gani kinatumia pesa haraka? Semina. Mfumo wa malipo unaonyesha asilimia nzuri ya matumizi, kadi alama ya lishe, ile inayopima utendaji wa halmashauri kwa rangi, inapata kijani, na kijiji kilichokosa huduma Januari hakionekani popote.

Mkataba wa lishe waliosaini wakuu wa mikoa, wa kwanza mwaka 2017 na mwingine mbele ya Rais Samia mwaka 2022, umesaidia sana. Kabla yake lishe ilikuwa mstari wa mwisho kwenye bajeti. Udumavu, yaani watoto kuwa wafupi kuliko umri wao, umeshuka nchini kutoka asilimia 34 katika utafiti wa 2015-16 hadi 30 katika ule wa 2022. Lakini linganisha na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu: hiyo ina sheria, inahesabiwa kwenye makusanyo. Lishe ina mwongozo wa bajeti na saini. Makusanyo yakiwa membamba, mweka hazina anajua kipi kitasubiri.

Ningependa lishe ikatwe kila mwezi kwa asilimia ya makusanyo, na sehemu ya makusanyo ya Julai na Agosti, pamba ikiwa bado inauzwa, ifungiwe kwa ajili ya Novemba hadi Februari. Haihitaji senti mpya.

Kwa diwani anayesoma hapa: taarifa ya robo ya pili ikiletwa, usiulize kilichotengwa. Uliza kilichotoka kufikia 31 Desemba, na kilikwenda kata zipi.