Taito ya Gari Imepotea Marekani: Nani Hasa Anaruhusiwa Kuomba Nyingine?

Funguo unazo, gari limelala mlangoni kwako, bima unalipa wewe kila mwezi. Unafika dirishani kwenye ofisi ya magari ya jimbo (DMV) kuomba taito nyingine, yaani hati ya umiliki wa gari, karani anaingiza namba ya chasisi, anakodolea skrini, kisha anakuuliza: "Huyu aliyeandikwa hapa ni nani wako?" Ofisi haina habari na anayeliendesha. Inamtafuta aliyemo kwenye daftari la jimbo.

"Nimelinunua na risiti ninayo, kwa hiyo nakala naiomba mimi."

La. Dhana hii inawaumiza wengi wetu huku kwa sababu tunauziana kwa kuaminiana. Muuzaji anakwambia taito imepotea, "wewe nenda tu DMV watakupa." Hawakupi. Mpaka jina libadilishwe, kwenye daftari mwenye gari bado ni yeye, na maombi lazima yawe na saini yake au ya mtu aliyempa uwakala kwa maandishi.

California kuna afueni kidogo. Fomu ya REG 227 inaomba taito mpya na kuhamisha umiliki kwa pamoja, hivyo muuzaji akishaijaza na kutia saini, mnunuzi anaweza kuipeleka mwenyewe. Lakini bila saini hiyo, hiyo ni karatasi tu. Texas, muuzaji akishatoweka, kuna njia ya taito ya bondi: unanunua dhamana ya mara moja na nusu ya thamani ya gari ili mwenye dai akijitokeza baadaye awe na pa kulipwa. Usumbufu mtupu. Mimi ningemwambia muuzaji: omba nakala kwanza, pesa zako utazikuta.

"Gari ni letu wawili, mmoja akienda yatosha."

Pengine. Kwa nakala, baadhi ya majimbo huridhika na saini ya mmoja, mengine huwataka wote. Mtego mkubwa uko kwenye kuuza. Chukua taito ya California usome mstari wa majina polepole: kati ya jina la mume na la mke pakiwa na OR, yeyote anaweza kusaini peke yake, pakiwa na AND, au kile kimkwaju (/) ambacho watu hudhani ni pambo, lazima wasaini wote. Wanandoa walioachana hukijua kimkwaju hicho vizuri sana.

"Nina mkopo, lakini gari ni langu, wanipe nakala."

Kwenye majimbo mengi taito hukaa kwa mkopeshaji mpaka deni liishe, mara nyingi ikiwa rekodi ya kompyuta tu. Basi hakuna kilichopotea, hukuwahi kupewa. New York ni tofauti: karatasi hukaa kwako, jina la mkopeshaji likiwa limeandikwa juu yake. Na kama ulishamaliza kulipa lakini jina la benki bado limo kwenye daftari, nenda na barua yao inayothibitisha kwamba wameachia dai lao juu ya gari.

"Marehemu baba aliniachia, nitasaini kwa niaba yake."

Usithubutu. Hata ile hati ya uwakala aliyokupa akiwa hai ilikufa naye. Anayesaini ni msimamizi wa mirathi, au mrithi kwa utaratibu wa jimbo husika. California, kwa mfano, mali ikiwa haizidi kiwango kilichowekwa na sheria, mrithi anaweza kutumia fomu ya REG 5 bila kwenda mahakamani, mradi siku 40 zimepita tangu kifo.

"Nimehamia Ohio, nitaiombea Ohio."

Kama taito ilitolewa Texas, nakala inatoka Texas. Huhitaji kusafiri: fomu ya VTR-34 inakwenda kwa posta, ada ni dola 2. Ukifika mwenyewe kwenye ofisi yao ya kanda ni dola 5.45.

"Kila gari lina taito."

New York, magari ya mwaka 1972 kurudi nyuma hayana. Kwa hayo, karatasi ya usajili ndiyo inayothibitisha umiliki.

"Ile ya zamani ikionekana, nitakuwa na mbili."

Utakuwa na moja na kipande cha karatasi. Nakala mpya ikishatolewa, ya kwanza ni batili, hata ukiikuta safi kabisa ndani ya bahasha chini ya godoro. Usimkabidhi mnunuzi hiyo. Atarudishwa nayo kutoka dirishani, naye atarudi kwako.