Je, wajua kwa nini shule ya msingi ya watoto 200 hupata laki moja tu kwa mwezi?

Tuchukue shule ya msingi ya serikali kijijini Tanzania, yenye wanafunzi 200. Kwa viwango vilivyowekwa mpango wa elimu bila ada ulipoanza Januari 2016, kila mtoto wa shule ya msingi amepangiwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Lakini 4,000 kati ya hizo hazifiki shuleni kama fedha, zinabaki juu kwa ajili ya vitabu. Zinazoingia kwenye akaunti ya shule ni 6,000. Zidisha kwa watoto 200, unapata milioni moja na laki mbili. Gawanya kwa miezi 12: laki moja.

Mwalimu mkuu wa shule hiyo, kwa mpango huohuo, hulipwa posho ya madaraka ya shilingi 200,000 kila mwezi. Yaani posho yake ya kusimamia shule ni mara mbili ya fedha anazosimamia. Simlaumu, maana kazi yenyewe ni ngumu na kabla ya 2016 wengi waliifanya bila posho hiyo. Lakini ukitaka kumkera mwalimu mkuu wa shule ndogo, mwambie tu kwamba serikali inaleta fedha kila mwezi, kwa hiyo asilalamike.

Laki moja ile lazima inunue chaki, karatasi, na vifaa vya michezo, itoe fedha za mitihani ya majaribio, itengeneze mlango uliong'oka, ilipie shughuli za ofisi na nauli ya kwenda halmashauri. Mwalimu mkuu haruhusiwi kuitumia anavyoona inafaa. Miongozo imeigawa kwa asilimia, fungu la utawala mbali, la ukarabati mbali, la kufundishia mbali. Paa likiezuliwa na upepo mwezi wa pili, fungu la ukarabati la mwezi huo halinunui hata mabati ya kutosha upande mmoja.

Wazazi wengi huamini kwamba mgao wa fedha hizi kwa shule unafanywa na mkurugenzi wa halmashauri. Ni imani inayoeleweka, kwa sababu shule ni za halmashauri kisheria. Sheria za serikali za mitaa za 1982 ndizo zilizozipa halmashauri jukumu la kuendesha shule za msingi, na baadaye shule za sekondari nazo zikaletwa chini ya mwamvuli huohuo. Mkurugenzi ndiye afisa masuuli, yaani anayejibu kwa kila senti. Chini yake kuna wakuu wa idara ya elimu, ya msingi na ya sekondari, kisha waratibu elimu kata, kisha shule zenyewe na kamati zake. Juu yake iko ofisi ya serikali kuu inayoshughulikia tawala za mikoa na serikali za mitaa, TAMISEMI, yenye halmashauri 184 nchi nzima. Lakini fedha hii inayohesabiwa kwa kila mtoto, kapitesheni kama walimu wanavyoiita, haipiti mikononi mwa mkurugenzi. Inatoka Hazina na kuingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kapitesheni ilianza na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, uliotekelezwa kuanzia 2002 baada ya ada ya shule za msingi kufutwa. Wakati ule kiwango kilikuwa dola 10 za Marekani kwa mtoto kwa mwaka, ambazo zilikuwa karibu sawa na shilingi 10,000. Fedha ilishuka kutoka Hazina hadi halmashauri, halmashauri ndiyo iliyoigawa shuleni. Njiani ilichelewa, ikakatwa, ikasubirishwa, na wafuatiliaji wa matumizi ya umma wakagundua mara kwa mara kwamba kinachofika shuleni ni pungufu sana ya kile kilichoandikwa kwenye bajeti. Halmashauri zilikuwa na utetezi wao: Hazina yenyewe ilileta pungufu. Huenda wote walisema kweli kwa sehemu. Mwalimu mkuu hakuwa na namna ya kujua nani amekata wapi.

Serikali ya awamu ya tano ilipoondoa ada hadi kidato cha nne, ikabadili na njia. Desemba 2015 Hazina ilitoa takriban shilingi bilioni 18.7 kwa ajili ya mwezi wa kwanza wa mpango, sehemu kubwa ikaenda moja kwa moja kwenye akaunti za shule na nyingine kwa Baraza la Mitihani. Mwaka 2017 ukaingia mfumo wa kielektroniki wa uhasibu unaojulikana kwa kifupi FFARS, ambao shule na zahanati hutumia kuandika mapato na matumizi yao. Mwalimu wa hesabu aliyekuwa akijaza leja kwa kalamu sasa ndiye mhasibu wa shule kwenye kompyuta, mara nyingi kompyuta iliyoko ofisi ya kata au ya halmashauri, si shuleni kwake.

Njia ikafupika, lakini kiwango hakikugeuka. Shilingi 10,000 za 2002 ndizo 10,000 za mpango wa 2016. Leo hazifiki hata dola 5. Bei ya mfuko wa saruji haikusubiri.

Ukilinganisha na sekondari, tofauti inashangaza. Huko kila mwanafunzi amepangiwa kapitesheni ya 25,000 kwa mwaka, nusu yake ikibaki juu kwa vitabu. Juu ya hiyo serikali hulipa fidia ya ada iliyofutwa: 20,000 kwa mwanafunzi wa kutwa, 70,000 kwa wa bweni. Shule ya sekondari ya kutwa yenye wanafunzi 400 hupata hivyo milioni 13 kwa mwaka. Shule ya msingi yenye watoto 400 hupata milioni 2 na laki nne. Sababu ni ya kihistoria zaidi kuliko ya kielimu: sekondari ilikuwa na ada ya kufidiwa, msingi ada yake ilikufa miaka 15 kabla.

Mfumo wa kulipa kwa kichwa una tabia zake. Faida yake ni kwamba ni rahisi kuukagua: idadi ya watoto mara kiwango, basi. Hauhitaji mwalimu mkuu awe na ndugu wilayani. Hasara yake ni kwamba gharama nyingi za shule hazifuati vichwa. Mlinzi ni mmoja, shule iwe na watoto 200 au 1,500. Nauli ya kwenda halmashauri ni ileile, na kwa shule ya pembezoni, ambayo ndiyo aghalabu yenye watoto wachache, ni kubwa zaidi. Shule ya mjini yenye watoto 2,000 hupata milioni moja kwa mwezi na inaweza kupumua kidogo, ingawa watoto wake wamebanana. Mimi ningeweka kiwango cha chini ambacho shule yoyote ingepata kabla ya kuanza kuhesabu vichwa.

Hasara ya pili ilijitokeza haraka. Kichwa kikiwa ni fedha, vichwa huongezeka. Mwaka 2016 uhakiki ulipoamriwa, mikoa ilianza kuripoti wanafunzi hewa kwa maelfu, watoto waliohama, walioacha shule au ambao hawakuwahi kuwepo. Walimu wakuu kadhaa walivuliwa madaraka. Ndiyo maana siku hizi takwimu za wanafunzi hupitia mifumo ya usajili inayompa kila mtoto namba yake, na mtoto akihama namba inahama naye. Kwa mzazi, njia ya kukagua ni fupi zaidi: shule inatakiwa kubandika kwenye ubao wa matangazo kiasi ilichopokea, na kamati ya shule, yenye wazazi ndani yake, ndiyo inayopitisha matumizi.

Sasa, kama kapitesheni inamruka mkurugenzi, halmashauri inagawa nini? Kwanza majengo. Hapa ndipo madiwani wanapopigania, na hapa ndipo siasa ilipo. Fedha za ujenzi huja kwa mafungu: miradi mikubwa kama SEQUIP kwa sekondari na BOOST kwa msingi, yote kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ruzuku ya maendeleo ya serikali kuu, na mapato ya ndani ya halmashauri yenyewe, ambayo sehemu yake lazima itengwe kwa maendeleo. Kuamua darasa lijengwe kata ipi ni uamuzi wenye uzito kuliko kapitesheni ya mwaka mzima. Mwaka 2021 serikali ilipotumia sehemu ya mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa kukabiliana na UVIKO-19 kujenga madarasa 15,000, kila darasa lilipangiwa milioni 20. Shule yetu ya watoto 200 ingehitaji zaidi ya miaka 16 ya kapitesheni kufikisha kiasi hicho, tena bila kununua chaki hata moja.

Ujenzi huo hufanywa kwa utaratibu wa fosi akaunti. Hapatafutwi kampuni ya ukandarasi. Fedha huwekwa kwenye akaunti ya shule, kisha zinaundwa kamati: ya ujenzi, ya manunuzi, ya mapokezi. Mafundi ni wa hapohapo. Mhandisi wa halmashauri hupita kukagua. Darasa hutoka kwa bei nafuu, na mafundi wa kijiji hupata kazi. Udhaifu wake ni kwamba mhandisi mmoja ana miradi mingi na gari moja, na mwalimu wa Kiswahili hujikuta anapokea nondo asizojua kuzipima.

Kuna pia maboma. Wananchi huchanga mawe, mchanga na nguvu zao, wanapandisha kuta hadi linta, halafu wanasubiri serikali iweke paa. Umaliziaji wa boma moja la darasa umekuwa ukipangiwa milioni 12.5. Ukisafiri vijijini utayaona maboma yaliyoota nyasi ndani, mengine yamenyeshewa misimu mingi. Diwani aliyehamasisha boma lijengwe kwake huwa na hoja nzito barazani kuliko ambaye kata yake haina hata msingi, kwa hiyo kata yenye watu wenye uwezo wa kuchanga hutangulia kupata fedha ya umma. Halafu kuna tarehe 30 Juni, mwisho wa mwaka wa fedha. Mradi ukipata fedha mwezi Mei, halmashauri hukimbizana nazo zisije zikarudi Hazina, na ukikuta kuta zimepasuka mapema, mara nyingi mbio hizo zimechangia.

Jirani zetu Kenya walichukua njia nyingine. Katiba yao ya 2010 iliziachia kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, basi. Msingi na sekondari ni za serikali ya kitaifa, inayotuma kapitesheni yake shuleni: kwa viwango vilivyopangwa, shilingi 1,420 za Kenya kwa mwaka kwa mtoto wa msingi, 22,244 kwa wa sekondari. Hata hivyo magavana hutoa basari, yaani misaada ya karo, za sekondari, na Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti alizisimamisha akitaka kwanza pawepo makubaliano na serikali ya kitaifa. Ugomvi ukafika mahakamani.

Kitu cha pili kinachogawanywa na halmashauri ni walimu, na hiki ndicho kikubwa kuliko vyote, ingawa hakionekani kwenye akaunti yoyote ya shule. Mishahara hulipwa na Hazina. Lakini mwalimu aliyeko ndani ya wilaya anaweza kuhamishwa kutoka shule moja hadi nyingine na mkurugenzi. Kwa miaka mingi mshahara wa mwalimu wa cheti anayeanza kazi ulikuwa shilingi 419,000 kwa mwezi. Shule ya watoto 600 hupata kapitesheni ya 300,000. Kumpeleka mwalimu mmoja shule fulani ni kuipa shule hiyo fedha ya umma nyingi kuliko kapitesheni yake nzima. Shule ya makao makuu ya wilaya yenye walimu 25 na shule ya mwambao wa ziwa yenye walimu wanne, zenye idadi moja ya watoto, zinapata kapitesheni sawa hadi shilingi ya mwisho, na bado moja inagharimiwa mara kadhaa zaidi ya nyingine.

Kwa nini mkurugenzi asiwahamishe? Kumhamisha mwalimu kunaidai halmashauri posho ya kujikimu na gharama za kusafirisha mizigo na familia. Bila fedha hizo kwenye bajeti, uhamisho huzaa madai, na madai ya walimu ni ajenda isiyoisha kwenye vikao vya chama chao na serikali. Kijijini nako mara nyingi nyumba ya mwalimu haipo. Wengine wanafuata wenzi wao mjini, wengine wanatibiwa hospitali iliyo karibu. Serikali imejaribu kuwafunga waajiriwa wapya wakae kituo cha kwanza angalau miaka mitatu, na wengi hukaa, kisha mwaka wa nne barua ya kuomba kuhama inaanza safari.