Yahya, jina ambalo ukoo haukuwa nalo

Yahya, ambalo hapa Moshi wengi hulitamka na kuliandika Yahaya, ni jina la nabii, mtoto wa Nabii Zakaria. Kwa Kiarabu maana yake ni "anaishi". Limetoka katika shina lilelile lililotupa sisi Waswahili maneno hai na uhai, na ndimo linamotoka Al-Hayy, Mwenye uhai usio na mwisho, katika majina ya Mwenyezi Mungu.

Uzito wa jina hili, hata hivyo, umo katika namna lilivyopatikana. Sura ya Maryam, katika Qur'ani, inamweleza Zakaria akiwa mzee, mifupa imelegea, kichwa kimejaa mvi, na mkewe ni tasa. Akamwomba Mola wake kwa siri ampe mrithi. Akabashiriwa mtoto wa kiume, jina likatajwa papo hapo hata mimba haijatungwa: Yahya, jina ambalo hakuwahi kupewa mtu kabla yake. Yaani si baba wala mama aliyelichagua.

Watu wa huku Kilimanjaro wanaweza kulihisi jambo hilo kuliko wengi. Katika familia nyingi za Kichagga mtoto wa kwanza wa kiume hubeba jina la babu mzaa baba, na anayemfuata hubeba la babu mzaa mama. Wazazi wa Pasua au Majengo, mitaa ya hapa Moshi, wakisema kifungua mimba wao ni Yahya, mashangazi watauliza: hilo ni la nani kwetu? Swali hilo ni la zamani. Katika Injili ya Luka, sura ya 1, jamaa walitaka mtoto aitwe Zakaria kama baba yake. Mama akakataa, akasema ataitwa Yohana. Wakamjibu kwamba hakuna yeyote katika jamaa zake mwenye jina hilo, mpaka baba, aliyekuwa bubu wakati huo, akaandika kwenye kibao: jina lake ni Yohana. Yahya wa Waislamu ndiye Yohana Mbatizaji wa Wakristo, na katika mji huu ambao nyumba moja huweza kuwa na wa msikitini na wa kanisani, ni vizuri pande zote mbili zilijue hilo.

Tena kuna kitu ninachokipenda sana hapa. Yohana, kwa asili ya Kiebrania, ni "Mungu amefadhili". Aya ya 13 ya Sura ya Maryam inasema Yahya alipewa hanana, huruma itokayo kwa Mungu mwenyewe, na neno hilo lina shina moja na lile lililomo ndani ya jina Yohana.

Alipewa hekima angali mtoto, akaamrishwa akishike Kitabu kwa nguvu, akawa mwema kwa wazazi wake. Kisha, kwa mapokeo ya dini zote mbili, aliuawa. Sasa aliyeuawa anaitwaje "anaishi"? Wafasiri wa Qur'ani wamejibu kwa njia kadhaa: kwamba tumbo tasa la mama yake lilihuishwa kwa ajili yake, kwamba moyo wake ulihuishwa kwa imani, kwamba wanaouawa katika njia ya Mungu wako hai, kama isemavyo aya ya 154 ya Sura ya Al-Baqara. Mimi naegemea hiyo ya moyo, kwa sababu ndiyo inayoweza kumfaa kila mtoto anayepewa jina hili leo.

Kwa Waislamu, jina hutangazwa mara nyingi siku ya saba, pamoja na akika, yaani mnyama anayechinjwa kwa ajili ya mtoto, na kunyolewa nywele. Na babu hapotei: kwa kuwa kwetu mtu huandikwa jina lake, la baba, kisha la babu au la ukoo, Yahya ataandikwa shuleni na jina la babu yake likiwa la tatu. Zipo pia nyumba ambazo bibi humwita mjukuu kwa jina la babu, na mtoto huitika kote kuwili.